Nimesoma na Kukubali

Mjane wa mwalimu mwenzangu alibisha hodi kwangu Jumanne moja alasiri, bahasha ya kaki kwapani na simu mkononi. Mimi na marehemu tulifundisha shule moja kwa miaka 11, yeye Jiografia na mimi Kiswahili, na tangu enzi hizo mimi na mkewe tunaitana shemeji. Alikuja kwa jambo alilolihesabu kuwa dogo. Ofisi moja ya umma ilikuwa imemwambia kwamba maombi yake hayapokelewi tena kwa karatasi, akajaze fomu kwenye tovuti. "Wewe shemeji una kompyuta," alisema, "na miwani yako ina nguvu kuliko yangu."

Kabla sijaendelea niseme kwamba nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa masharti matatu: nisimtaje jina, nisiitaje ofisi wala mji, na nisichapishe neno lolote mpaka yeye mwenyewe awe amekwisha kuzungumza na wanawe. Nikayakubali. Makubaliano hayo yalichukua muda wa kikombe kimoja cha chai, na kila mmoja wetu alijua alichokubali. Ninaandika sasa kwa sababu sharti la tatu limetimia.

Fomu yenyewe, lazima niisifu, ilikuwa ya Kiswahili, tena Kiswahili safi. Aliyeitunga alijua tofauti kati ya mrithi na mtegemezi, na hakuchanganya ngeli hata mara moja. Tulijaza jina la marehemu, namba ya kitambulisho cha Taifa, tarehe ya ndoa, akaunti ya benki, simu ya mwombaji na simu ya ndugu mmoja wa karibu. Kwa ndugu wa karibu aliniambia niandike namba ya kijana wake mkubwa. Kisha tukafika penye maelekezo haya: orodhesha watoto wote wa marehemu, umri wao, na shule wanazosoma.

Shemeji alinyamaza. Baadaye akamwita mjukuu wangu aliyekuwa akichezea nje, akampa fedha akanunue sukari. Sukari nilikuwa nayo, naye alijua ninayo. Mtoto alipotoka ndipo nilipoambiwa kwamba watoto wa marehemu si wanne kama tulivyodhani sote. Yuko wa tano, wa mama mwingine. Marehemu alilisema hilo kitandani hospitalini, wiki chache kabla ya kufariki dunia, na tangu siku hiyo shemeji ndiye anayemlipia mtoto huyo ada. Wanawe hawajui. "Nitawaambia mwenyewe, siku nitakayoichagua," alisema. "Lakini haki ya mtoto siili."

Chini kabisa ya fomu palikuwa na kisanduku cha kutia tiki, na mbele yake maneno matatu: Nimesoma na Kukubali. Yakafuatiwa na kiungo kilichoandikwa Sera ya Faragha. Mimi nimezoea kutia tiki na kupita, kama nadhani nyote mnavyofanya. Shemeji akaushika mkono wangu. "Imeandikwa nimesoma. Hatujasoma."

Nilifundisha ufahamu kwa miaka zaidi ya 30 na sikumbuki kupata mwanafunzi wa namna hiyo. Nikabonyeza. Sera ikafunguka, na ilikuwa ya Kiingereza kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Shemeji alimaliza darasa la saba. Husoma gazeti la Kiswahili kila siku, hata matangazo ya zabuni huyasoma, ila Kiingereza hana. Basi nikavaa kofia ya mkalimani, nikaanza kumtafsiria kwa mdomo, sentensi baada ya sentensi. Sehemu ya kwanza ilieleza mambo ambayo tovuti huyachukua kwa mgeni bila yeye kutamka neno: anwani ya IP, yaani ile namba inayokitambulisha kifaa chake kwenye intaneti, aina ya kivinjari anachotumia, siku na saa aliyoingia, kurasa alizozifungua, na tovuti aliyotokea. Nilipotafuta mfano wa kumwelewesha, ulinijia upesi. "Ni kama kitabu cha wageni pale ofisini," nilisema, "ila hiki hujijaza chenyewe." Akaitikia kwa kichwa.

Tukafika kwenye vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha ndani ya kompyuta ya mgeni ili imtambue akirudi. Kwa Kiingereza vimepewa jina la biskuti, na sijui biskuti inahusikaje hapo. Mjukuu wangu, aliyekuwa amerudi na sukari, akasema kwenye simu yake vinaitwa vidakuzi. Shemeji alicheka mpaka akavua miwani. "Vidakuzi! Watoto wa mdakuzi! Basi hao wana adabu, wamejitaja kwa jina lao." Sote tunamjua mdakuzi, mtu wa kunusa maneno ya watu na kuyatembeza, na sote tumeyaona magazeti ya udaku yakining'inia vibandani. Sijui mfasiri aliyeliunda neno kidakuzi alikuwa na nia gani. Kwangu mimi ni miongoni mwa maneno ya kompyuta yaliyotafsiriwa kwa ukweli kuliko hata lugha yaliyotoka.

Kisha ikaja sehemu ya taarifa ambazo mgeni huzitoa mwenyewe kwa kujaza fomu, na ndani yake sentensi moja iliyohusu kuzipeleka taarifa hizo kwa taasisi nyingine. Nikamtafsiria hivi: "Huenda tukazipeleka taarifa zako kwa taasisi nyingine za umma." Shemeji akairudia polepole. "Huenda. Basi si lazima." Bega lake likashuka, nikaona kwamba amepumua. Akaniambia niandike jina la mtoto wa tano. Nikaliandika. Jua lilikuwa linazama, na mtandao ulikuwa umeanza kusuasua, tukakubaliana tuihifadhi fomu, tuitume asubuhi.

Usiku ule neno huenda lilinikosesha usingizi.

Katika ile sentensi ya Kiingereza palikuwa na neno dogo la herufi tatu ambalo hubeba mizigo miwili: wakati mwingine hueleza shaka, jambo liwe au lisiwe, na wakati mwingine hutoa ruhusa. Mimi nilichukua mzigo wa shaka kwa sababu ndio uliokuwa mwepesi mdomoni. Lakini sera haikuwa ikitabiri hali ya hewa. Ilikuwa ikijipa ruhusa. Tafsiri ya haki ingekuwa: tunayo ruhusa ya kuzipeleka, na kwa kutia tiki hii wewe ndiwe uliyetupa. Hata kama ningesema tunaweza, ningekuwa nimeficha jambo lile lile, maana weza yetu nayo ina uwezo, ruhusa na uwezekano katika kapu moja. Tofauti kati ya huenda na tunayo ruhusa ilikuwa ni jina la mtoto, na mtu aliyelitoa jina hilo alilitoa kwa kuiamini tafsiri yangu.

Na ule mfano wa kitabu cha wageni nao ulirudi kunisumbua, kwa sababu ninakijua kitabu hicho kuliko nilivyomweleza.

Mwaka 1996 nilikuwa makamu mkuu wa shule. Kitabu cha wageni kilikuwa juu ya meza nje ya ofisi, kimefunguliwa, na kalamu imefungwa kwa uzi. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu: Mgeni karibu, jaza nafasi zote. Nafasi zilikuwa tano: tarehe, jina, anakotoka, shughuli, sahihi. Nilikuwa mkali juu ya nafasi ya nne. Wazazi walipenda kuandika binafsi, nami niliona huo ni uvivu. Asubuhi moja alikuja mzee mmoja, akaandika binafsi. Nikamrudishia kitabu. "Mzee, andika shughuli yenyewe." Alinitazama kidogo, akainama, akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: mimba ya binti. Nikamwingiza kwa mkuu wa shule.

Mgeni aliyefuata alikuwa muuza kuni wa jikoni. Alipokuwa akiandika jina lake aliusoma mstari wa juu, kama ambavyo yeyote angeusoma. Kabla ya kengele ya saa nane habari ilikuwa bwenini, na jioni ilikuwa sokoni. Miaka ile mwanafunzi aliyepata ujauzito alifukuzwa shule. Mlango wa kurudi ulifunguliwa mwezi Novemba 2021, baada ya mimi kustaafu. Kwa hiyo sidai kwamba ningemwokoa asifukuzwe. Lakini mzee yule alikuja kutafuta namna ya kumwondoa binti yake kimya kimya kabla ya mambo kujulikana, na mimi nilimfanya aitangaze aibu yake kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaketi. Binti aliondoka usiku kwenda kwa shangazi yake. Sikumwona tena. Nimebadilisha mambo mawili matatu katika kisa hiki, kwa kuwa yeye sina pa kumwomba ruhusa.

Siku zote nilijieleza kwamba kosa lilikuwa la muuza kuni. Usiku ule, nikiwa na Sera ya Faragha mbele yangu, nilikiona kitabu kile upya. Sikuwa na haja na maneno yale matatu. Mkuu wa shule angeambiwa yote ndani. Niliyataka kwa sababu nafasi ilikuwepo, na nafasi ikiwepo mwenye ofisi hutaka ijazwe.

Nikawasha tena kompyuta, nikazipitia tovuti nyingine za serikali yetu. Nyingi zina Kiswahili, na chini kabisa ya ukurasa, pamoja na Kanusho na Ramani ya Tovuti, utaikuta Sera ya Faragha. Nilizozisoma zilikuwa fupi na za heshima. Ila zilinionyesha kitu ambacho mwalimu wa sarufi hawezi kukipita. Taarifa zitakusanywa. Zitahifadhiwa. Zitatumika. Hazitatolewa isipokuwa pale inapobidi. Kauli ya kutendwa ni pambo la lugha yetu, na ina mlango wake wa kumtaja mtenda, ile na ndogo inayofuata kitenzi: zitakusanywa na nani, zitasomwa na nani. Katika kurasa zile mlango huo ulikuwa umefungwa karibu kila mara. Mambo yalitendeka, na hapakuwa na mtu.

Hata neno faragha lenyewe nililigeuzageuza. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya utupu, nafasi isiyo na kitu. Nasi tuliliweka vizuri: kumwita mtu faragha ni kumtenga mahali pasipo na masikio mengine, kama shemeji alivyofanya kwa fedha za sukari. Lakini faragha halina kitenzi cha kumwajibisha mtu. Huwezi kusema ofisi imenifaragha. Tunalo neno jingine, sitara, nalo lina kusitiri, na kusitiri hakuwi bila msitiri. Mwenyeji humsitiri mgeni. Jirani humsitiri jirani. Laiti kurasa zile zingeandikwa tutakusitiri, badala ya faragha yako itazingatiwa, nadhani hata mwandishi wake angesita kidogo kabla ya kuendelea, maana angekuwa ameahidi.

Nisiidhulumu serikali. Ahadi ipo, tena ya zamani kuliko intaneti yetu. Nilikuwa chuo cha ualimu mwaka 1984 haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba, na mkufunzi wetu alitusomesha Ibara ya 16 kama zoezi la msamiati: heshima na hifadhi kwa nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake, mawasiliano yake. Tulipofika kwenye unyumba darasa zima lilicheka, kama mnavyoweza kudhani. Leo naona walioliandika walijua walichokuwa wakikilinda. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaunda na Tume ya kuisimamia. Jirani zetu wa Kenya walitangulia na yao mwaka 2019, wao husema data, sisi tukachagua taarifa; hilo ni la kujadiliwa siku nyingine. Sheria yetu inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze mhusika, kabla ya kuzichukua, anazichukua kwa kusudi gani na nani anakusudiwa kuzipokea. Inampa mhusika haki ya kuziona na kutaka zisahihishwe. Mhusika ndilo jina letu humo. Watunga tamthilia wenzangu watafurahi.

Sasa, mtu hawezi kuwa ameelezwa kwa lugha asiyoielewa. Hilo halihitaji wakili.

Kabla ya kulala niliandika ubeti mmoja, kama ilivyo desturi yangu jambo linapokataa kuondoka. Si wa kujivunia, lakini nauweka:

Hodi yangu mlangoni, naliingia na shida,
Jina langu kitabuni, mmeliweka kwa muda?
Ni nani yumo nyumbani, alisomaye kwa ada?
Wenyeji niambieni, karibu ina ahadi?

Asubuhi sikumngoja aje, nilimfuata kwake. Nilimweleza kwamba nilitafsiri vibaya, nikamweleza neno la kweli, na nikamweleza pia habari ya kitabu cha wageni, ambayo sikuwa nimemsimulia hata marehemu mumewe. Alisikiliza huku akichambua mchicha. Alipomaliza fungu la kwanza akauliza: "Majina hayo yanaweza kubandikwa? Kama yale ya vijana walioitwa kwenye usaili, kila mtu anapakua anasoma?" Nikamwambia sera haikusema yatabandikwa, wala haikusema hayatabandikwa. "Na nisipotia tiki?" Fomu haitumiki. "Na nisipomwandika mtoto?" Hapo sikumjibu, naye hakutaka jibu.

Tulirudi kwangu. Alibadilisha kitu kimoja tu: palipokuwa na namba ya kijana wake mkubwa kama ndugu wa karibu, aliniambia niweke namba yangu. Ikiwa ofisi itapiga simu na kutaja watoto watano, ipige kwa mtu ambaye tayari anajua. Jina la mtoto lilibaki. Akatia tiki yeye mwenyewe, kwa kidole chake, akasema kwa sauti: "Nimesoma. Kukubali bado."

Siku hiyo hiyo tuliandika barua kwa ofisi ile, kwa Kiswahili. Tuliuliza mambo matatu: taarifa alizozitoa zitapelekwa kwa nani, orodha ya watoto itachapishwa mahali popote au la, na kwa nini sera haipo kwa lugha ya fomu. Nilijitolea pia kuitafsiri bila malipo. Nilipomsomea rasimu alininyoshea kidole katikati ya aya ya pili. "Hapo umeandika taarifa hizo zitakaposomwa. Na nani?" Miaka 30 na zaidi ya chaki, nami nilikuwa nimeandika kama wao. Nikasahihisha: watumishi wenu watakapozisoma. Ubeti sikuuambatisha.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa ujumbe wa simu, kwenye namba yangu. Maombi yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Shemeji aliusoma mara mbili, akanirudishia simu. "Yamepokelewa," alisema. "Yanafanyiwa."

Hakungoja jingine. Aliwaita wanawe wote wanne Jumamosi, wawili wakasafiri kutoka mbali, na akaniomba nami niwepo, nikae karibu na mlango na nisiseme kitu. Aliwaambia kwa sentensi fupi, zote zikiwa na mtenda. Baba yenu alizaa. Baba yenu aliniambia. Mimi nilificha. Binti yake alilia. Kijana mkubwa, ambaye ndiye niliyemhofia, alikaa muda mrefu akiutazama mkeka, kisha akauliza jambo moja tu, mtoto huyo yuko kidato cha ngapi.